Zumu ya Mtumba Inapotoa Picha Zenye Ukungu

Uliza bei ya zumu (lenzi ya kuvuta karibu na mbali) mpya ya milimita 70-200 yenye tundu kubwa la f/2.8 katika duka lolote la kamera jijini Nairobi na utaelewa kwa nini soko la lenzi za mtumba halilali. Huko ndiko wanakopata vifaa wengi wa wanaopiga picha za raga uwanjani RFUEA, Ngong Road, wanaofuata simba na ndege katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na wanaosimama nyuma ya kanisa wakisubiri bibi harusi afunuliwe shela. Tuseme umechagua ya 70-300: lenzi huja ikiwa imechubuka kidogo, pete ya zumu imelegea kidogo, na muuzaji anaapa: "Bosi, hii haijawahi kufunguliwa." Unafika nyumbani, unaivuta hadi milimita 300, na kila kitu kinaonekana kana kwamba umekipiga ukiwa ndani ya chandarua.

Wengi hapo hukata shauri kwamba wameuziwa lenzi mbovu. Huenda ni kweli, lakini usianzie hapo. Ukungu wa picha una sura kadhaa na kila sura ina chanzo chake. Ukiisoma picha vizuri utajua kama tatizo liko mkononi mwako, kwenye kamera, hewani au ndani ya vioo. Ni huko ndani ya vioo tu ambako fundi ana kazi ya maana, na hata huko si kila kitu anaweza kukirekebisha.

Kabla ya yote, itazame picha inavyostahili

Usihukumu lenzi kwa skrini ndogo ya nyuma ya kamera, wala kwa nakala uliyotumiwa kwa WhatsApp. WhatsApp huibana picha ili isile bando, na vinavyopotea kwanza ni manyoya, nywele na majani, yaani vile vile unavyovitafuta. Hamishia faili halisi kwenye kompyuta uifungue kwa asilimia 100. Ukiikuza hadi asilimia 300 hakuna lenzi duniani itakayosalimika.

Kando ya picha fungua taarifa zake: kasi ya shata, tundu (uwazi unaopitisha mwanga, huandikwa kwa f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na urefu wa zumu. Kamera huziandika ndani ya kila faili, na bila hizo unabahatisha. Kumbuka pia kwamba faili za RAW, yaani picha ghafi, hutoka kamerani bila kunolewa, kwa hiyo zitaonekana laini kuliko JPEG ya picha ile ile. Hilo si kasoro.

Kisha jiulize umeikata picha kiasi gani. Faru mwenye mwili wa mita tatu na nusu akiwa mita 200 kutoka kwako, ukampiga kwa milimita 300 kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibapa kinachonasa picha mahali pa filamu), atachukua takriban robo tu ya upana wa picha. Ukikata ili abaki yeye peke yake, umetupa sehemu kubwa sana ya picha uliyolipia. Lenzi haina kosa hapo. Faru alikuwa mbali.

Kila nukta imevutwa upande mmoja

Tafuta kitu kidogo kinachong'aa: tone la maji, mwanga ndani ya jicho, kifungo cha shati. Kama nukta imegeuka kistari, na vistari vyote pichani vimelalia upande ule ule, huo ni mtikisiko wa kamera.

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: ukiwa na milimita 300, piga kwa angalau 1/300 ya sekunde. Kanuni hiyo ilitungwa enzi za filamu ya milimita 35. Kamera nyingi zinazouzwa pamoja na hizi zumu zina sensa ndogo zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 1.6 kwenye Canon na kwa 1.5 kwenye Nikon. Milimita 300 zinakuwa kama 480 au 450, na kasi ya chini kabisa inakuwa 1/500. Hiyo nayo ni ya mtu aliyetulia, viwiko vimebana mbavu. Binafsi naanzia 1/1000 kwa lenzi nisiyoifahamu, na ISO ikipanda ipande. Chembechembe za ISO zinaweza kupunguzwa kwa programu, lakini mtikisiko ukishaingia hautoki.

Njia rahisi ni kuweka kamera kwenye Tv kama ni Canon, au S kama ni Nikon, uchague kasi mwenyewe na uache ISO ijipange.

Kama majani na nyasi ni makali lakini mchezaji ndiye aliyevutika, tatizo ni mwendo wake, si mkono wako. Winga anayekimbilia kona anahitaji 1/1000 au zaidi, na ndege anayeruka 1/2000 au zaidi. Hapa kitulizi cha mtikisiko hakisaidii chochote, maana kinatuliza mkono wako tu. Canon hukiita IS, Nikon VR, Sigma OS na Tamron VC, na wauzaji wengi hukitaja kama dawa ya kila ugonjwa.

Kwenye lenzi ya mtumba, kitulizi chenyewe kinaweza kuwa mgonjwa. Sauti ndogo ya kuvuma unapobonyeza kifyatulio nusu ni ya kawaida. Baadhi ya lenzi pia hugongagonga ndani ukizitikisa zikiwa hazina umeme, na hilo lisikutishe. Kinachotisha ni picha inayorukaruka ndani ya kidirisha cha kutazamia, mkwaruzo usiokoma, au picha zenye kivuli maradufu hata kwa kasi kubwa. Jipatie jibu hivi: chagua kitu kisichosogea, weka 1/1000, piga picha kadhaa kitulizi kikiwa kimewashwa, kisha kadhaa kikiwa kimezimwa. Zilizopigwa kikiwa kimezimwa zikiwa kali kila mara na zile nyingine hapana, mshtakiwa umempata. Si lazima uitupe lenzi. Izime swichi hiyo daima na uitumie kwa mwanga wa kutosha, mradi bei iliteremka kulingana na hali hiyo.

Kwenye tripodi kizime pia, hasa kwa lenzi za zamani, kwa sababu huwa kinatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha chenyewe. Lenzi nzito ifungwe kwenye tripodi kwa kola yake, si kwa mwili wa kamera, na utumie kuchelewesha kwa sekunde 2 ili kidole chako kisiwe sehemu ya jaribio.

Mbugani huruhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa, basi gari ndilo tripodi yako, na gari linatetemeka. Mwombe dereva azime injini. Ukiwa kwenye van yenye paa la kuinua, abiria mmoja akihama kiti tu picha imekwenda. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharagwe, ukilazwa juu ya mlango dirisha likiwa wazi, unashinda vifaa vingi vya bei kubwa. Ukirudi nyumbani unayapika.

Kuna kitu kikali, ila si ulichokitaka

Hii ndiyo sura inayowachanganya watu zaidi, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Tazama picha yote: nyasi zilizo mbele ya swala, ukuta ulio nyuma ya msemaji, sikio badala ya jicho. Kama kuna mahali popote palipo pakali, vioo vina uwezo. Fokasi ndiyo iliyotua pengine.

Kwanza elewa jinsi eneo la ukali lilivyo jembamba. Kwa milimita 300 na f/5.6 kwenye sensa ndogo, kitu kikiwa mita 10, eneo lenye ukali lina kina cha takriban sentimita 23, mbele na nyuma kwa pamoja. Kikiwa mita 5 linabaki kama sentimita 6. Mtu aliyezoea lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera hajawahi kuishi maisha ya namna hiyo. Akisogea mbele kidogo baada ya kushika fokasi, au padri akiinama, basi.

Kwa hiyo kamera isichague yenyewe pa kushika. Ikiachiwa huru, mara nyingi hushika kilicho karibu, na mbugani kilicho karibu ni nyasi. Chagua nukta moja, ya katikati, uiweke juu ya jicho. Kwa kinachosogea tumia fokasi ya kufuatilia, AI Servo kwa Canon na AF-C kwa Nikon. Kwa kilichotulia tumia One Shot au AF-S.

Usishike fokasi ukiwa milimita 70 kisha ukavuta hadi 300. Zumu nyingi za kamera za picha hazibaki na fokasi ile ile urefu unapobadilika. Vuta kwanza, shika fokasi baadaye. Tazama pia swichi za ubavuni. Iliyoandikwa AF/MF huhama yenyewe ndani ya begi, na ile ya kuzuia umbali ikiwekwa kwenye mita tatu hadi mwisho, kilicho karibu zaidi hakitashika kamwe.

Kama umefanya hayo yote na bado fokasi inatua nyuma au mbele ya jicho kwa namna ile ile kila mara, sasa tunakuja kwenye jambo la DSLR, yaani kamera zenye kioo cha ndani kinachopeleka mwanga kwenye kidirisha cha kutazamia. Unapotazama kwa kidirisha, kamera hupima fokasi kwa kifaa kilicho chini ya kioo chake cha ndani, si kwa sensa inayopiga picha. Njia hizo mbili za mwanga zikipishana kidogo tu, fokasi hutua pembeni. Lenzi iliyoanguka, mwili uliokwishafunguliwa, au tofauti ndogo za kiwandani tu zinatosha kuleta hali hiyo. Ukipiga kwa skrini ya nyuma, fokasi hupimwa kwenye sensa yenyewe, na kosa hilo halina pa kuingilia.

Jaribio lake halihitaji fundi. Funga kamera kwenye tripodi, weka tundu kubwa kabisa na zumu hadi mwisho. Simamisha sanduku lenye maandishi makubwa, umbali wa kama mara 50 ya urefu wa lenzi: kwa milimita 300 ni mita 15, kwa hiyo utahitaji korido ya ploti au uwanja. Kando yake laza gazeti la Taifa Leo kwa mshazari ili mistari ianze mbele ya sanduku na kuishia nyuma yake. Lenga sanduku, kitulizi kikiwa kimezimwa. Piga kwa kidirisha, na kabla ya kila picha izungushe pete ya fokasi hadi mbali kabisa ili kamera itafute upya. Kisha piga vivyo hivyo kwa skrini ya nyuma. Usitegemee picha moja, maana fokasi ina kubahatika kwake.

Sanduku likiwa kali kwa skrini na laini kwa kidirisha, lenzi yako ni nzima na unachohitaji ni kuirekebisha kwenye kamera. Mistari ya gazeti itakuonyesha kama fokasi inatua mbele au nyuma. Nikon huyaita marekebisho hayo AF Fine Tune na Canon AF Microadjustment, na yote mawili huenda kutoka -20 hadi +20. Sogeza hatua chache, piga tena, linganisha. Bahati mbaya, menyu hiyo haipo kwenye miili ya chini: haimo kwenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, wala Canon kama 700D au 1300D, na hata 60D ilinyimwa. Iko kwenye Nikon D7000 na warithi wake, na kwenye Canon kama 7D, 70D na 80D. Baadhi ya Canon, 80D ikiwemo, huruhusu kurekebisha mwanzo na mwisho wa zumu kila mmoja peke yake, na hilo ni jambo la maana kwa sababu kosa la milimita 70 si lazima liwe la 300. Lenzi za Sigma za familia za Art, Contemporary na Sports zinaweza kurekebishwa zenyewe kwa kifaa kiitwacho USB Dock, na baadhi ya Tamron mpya kwa TAP-in Console.

Mwili wako ukiwa hauna menyu hiyo, piga kwa skrini ya nyuma pale inapowezekana, au funga tundu hadi f/8 ili kina cha ukali kifiche kosa. Wenye kamera zisizo na kioo cha ndani wanaweza kuruka sehemu hii yote, maana fokasi yao hupimwa kwenye sensa siku zote.

Sanduku likiwa laini kwa njia zote mbili, endelea kusoma.

Picha nzima imepauka, hakuna palipo pakali

Ondoa filta. Fanya hivyo kwanza, kabla ya tochi, kabla ya fundi, kabla ya kumpigia muuzaji simu. Lenzi za mtumba huja na kioo cha kinga cha bei ya chini ambacho mwenye lenzi wa kwanza alikisahau pale mbele. Kwa milimita 18 huwezi kukiona. Kwa 300 kila kasoro yake inakuzwa pamoja na simba. Piga picha mbili za kitu kimoja, ukiwa na filta na bila, na mara nyingi kesi huishia hapo.

Bila filta bado imepauka? Tazama kioo cha mbele na cha nyuma. Cha nyuma ndicho muhimu zaidi: alama ya kidole pale hudhuru kuliko vumbi la mbele. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha futa kwa kitambaa laini cha lenzi na dawa yake, ukizunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usitumie ncha ya shati. Vumbi jekundu la barabara za murram lina chembe ngumu, na ukilifuta kavu unapiga msasa.

Halafu zima taa za chumba, fungua tundu la lenzi, na umulike tochi ya simu kutoka upande wa nyuma huku ukitazama kwa mbele kwa mshazari. Utaona mambo ambayo muuzaji angependa usiyaone. Vumbi dogo lililotawanyika si kitu. Karibu kila zumu inayovutwa nje na kurudi ndani hunyonya hewa na vumbi, na halionekani pichani. Nyuzi zinazotanda kama mizizi ni fangasi. Utando wa maziwa uliolala juu ya kioo kizima ni mvuke wa mafuta ya ndani ya lenzi, au gundi ya vioo inayoanza kuachia.

Fangasi kidogo ukingoni haipunguzi ukali kwa namna utakayoiona, lakini huongezeka lenzi ikikaa gizani penye unyevu. Iliyotanda katikati, au utando wa maziwa, hula rangi na weusi, hasa ukielekea jua. Lenzi iliyoishi Mombasa imepumua hewa nyingine, basi swali la ilikotoka si la udaku. Nairobi nayo ina masika yake ya Machi hadi Mei, na begi lililolowa likafungwa hivyo hivyo ndilo makao ya fangasi. Fundi anayejua kazi anaweza kufungua na kusafisha, lakini fangasi ikishakula rangi ya kinga juu ya kioo, alama hubaki. Muulize kabla hajafungua atakulipisha nini ikishindikana.

Kushoto pakali, kulia pamefifia

Lenzi ikianguka, kundi moja la vioo linaweza kuhama kidogo au kulala upande. Fokasi inashika katikati vizuri tu, lakini upande mmoja wa picha unabaki laini.

Nairobi imejaa kipimo kizuri cha jambo hili: kuta za mawe ya kuchonga, zenye mistari iliyonyooka na uso wenye chengachenga. Simama mbali, kamera kwenye tripodi, uulenge ukuta moja kwa moja. Wengi hukosea hapa, kwani kamera ikisimama mshazari kidogo tu upande mmoja utakuwa mbali zaidi na utafifia bila lenzi kuwa na kosa. Mwenzako ashike kioo kidogo cha kujitazamia kikiwa kimelala bapa ukutani. Ukiona mdomo wa lenzi yako katikati ya kioo hicho, umenyooka. Piga kwa tundu kubwa kabisa, kisha kwa f/8.

Sasa igeuze kamera juu chini, uipange tena, na upige ukuta ule ule. Fungua picha zote mbili bila kuzigeuza kwenye kompyuta. Udhaifu ukibaki kulia mwa fremu katika picha zote mbili, unafuata kifaa: ni lenzi, au pengine mdomo wa kamera unaoishikilia, na kuweka lenzi nyingine kutakuambia ni upi. Ukihama kutoka kulia kwenda kushoto, ulikuwa umesimama mshazari.

Pembe zote nne kufifia kwa kulingana na kuwa afadhali kwa f/8 ni tabia ya kawaida ya zumu. Upande mmoja kufifia hata kwa f/8 ni ugonjwa, na ushauri wangu hapo ni kurudisha lenzi. Kuvipanga vioo kunahitaji vifaa vya kupimia ambavyo meza nyingi za mafundi hazina, na atakayejaribu kwa macho huenda akakurudishia pande mbili zilizofifia.

Ukali unakuja na kuondoka

Umempata twiga, nyuma yake magorofa ya jiji, picha ambayo hakuna mbuga nyingine inayokupa kirahisi hivyo. Saa ni sita mchana. Kasi ni 1/2000, fokasi imeshika, na bado miguu yake inaonekana kuyeyuka. Hilo ni joto. Ardhi yenye jua kali huchemsha hewa iliyo juu yake, na hewa ya joto na ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti. Lenzi ndefu hukusanya mapindo hayo yote kwa umbali mrefu.

Utalitambua kwa kupiga picha nyingi mfululizo za kitu kisichosogea, kwa mfano nguzo ya daraja la reli ya SGR linalokatiza mbuga. Kila picha ikiwa na mkunjo tofauti, na moja moja ikiwa kali kwa bahati, ni hewa. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Ingia lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jua likishapanda piga vilivyo karibu tu. Kwa sababu hiyo hiyo, jaribio lolote la lenzi lililofanywa mchana juu ya lami, mabati au uwanja mkavu halina uzito.

Kuna sura ya jambo hili inayokuja na baridi ya Julai. Gari lenye joto ndani likifunguliwa dirisha, hewa hizo mbili huchanganyika mbele ya lenzi yako. Zima kipasha joto, fungua madirisha mapema, subiri. Na usipige kupitia kioo cha dirisha.

Haishiki fokasi kabisa

Safisha nukta za shaba zilizo nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Kwenye Canon, ujumbe wa Err 01 maana yake mawasiliano kati ya kamera na lenzi yamekatika, na nukta hizo ndizo za kuanzia. Wenye Nikon waangalie kama lenzi yao ni ya AF-S (hapa ni jina la aina ya lenzi, si ile fokasi ya kilichotulia) au AF-D ya zamani: za AF-D hazina mota ndani, na miili ya D3000 na D5000 haina mota ya kuzisukuma. Lenzi ni nzima, ila kwako itakuwa ya kuzungushwa kwa mkono.

Pengine ndivyo ilivyotengenezwa

Canon ilianza mdomo wake wa EF mwaka 1987, na Nikon wake wa F mwaka 1959. Ndiyo maana lenzi iliyoundwa kwa ajili ya filamu inaingia bila shida kwenye kamera ya megapikseli 24. Sensa hiyo inaona makosa ambayo filamu ya harusi ya mjomba haikuyaona. Zumu za bei nafuu za 75-300 zina sifa hii: nzuri hadi milimita 200 hivi, kisha zinalegea, hasa tundu likiwa wazi kabisa.

Piga kitu kimoja kwa milimita 300 kwa f/5.6, f/8, f/11 na f/22. Kongoti wa mitini karibu na Uwanja wa Nyayo ni mwanamitindo mvumilivu, ila piga alfajiri kabla lami haijapata joto. Kama f/8 imeleta tofauti kubwa, umeijua lenzi yako: ifanye f/8 kuwa nyumbani kwake na ukomee milimita 250 inapowezekana. Kwa f/22 picha italainika tena, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo mno. Kiongeza urefu cha mara 2 kikiwa kimechomekwa nyuma ya zumu ya namna hii, kichomoe tu.

Ukienda kwa fundi

Usimwambie "haioni vizuri." Mpelekee flashi yenye picha za ukuta, za gazeti, na zile za kitulizi kikiwa kimewashwa na kuzimwa, pamoja na mwili wa kamera unaoutumia. Shika pipa la lenzi likiwa limevutwa hadi mwisho ulitikise taratibu: likicheza kwa uwazi, mikanda na viroli vya ndani vimelika, na hilo ni jambo analoweza kubadilisha akipata vipuri. Kusafisha vioo, kubadilisha waya bapa wa tundu na kukaza pipa ni kazi za kawaida. Kupanga vioo vilivyohama na kufufua kitulizi kilichokufa huweza kugharimu karibu na bei ya lenzi nyingine ya mtumba.

Kama bado hujanunua, yafanye haya dukani. Nenda na kamera yako na kadi yako, uombe dakika ishirini, upige ukuta ulio ng'ambo ya barabara kwa 1/1000 katika milimita 70, 200 na 300, kila mara kwa tundu kubwa na kwa f/8. Chagua ukuta wa kawaida tu. Kuelekeza zumu ndefu kwenye jengo la serikali ni kujitafutia maelezo marefu mbele ya askari. Mulika tochi mbele ya muuzaji. Kisha ondoka na kadi, ukazitazame picha kwenye kompyuta, na urudi kesho yake na bei yako.